Timu ya chuo ikipigwa na pointi chache kila Jumamosi: jinsi ya kujua kama ni bahati mbaya ama ni timu yenyewe

Wasee wa Nairobi tunaofuata futboli ya vyuo vya Marekani si wengi lakini tupo, kuna walioingia juu ya binamu alipata skolashipu huko, kuna waliotoka raga wakaona hii kitu inafanana fanana, na kila msimu kwa grupu ya WhatsApp swali ni lile lile: tumepoteza tena na pointi 3, kocha aende ama tuvumilie? Nitaeleza vile mimi huifanya. Inasaidia hata kama timu yako ndio inashinda na pointi chache, na kwa kweli hao ndio wanafaa kuchunguzwa zaidi.

Anza na masaa, juu usipoona mechi utabaki kubishana na skoo ya mwisho tu. Mechi za Jumamosi mchana kwa saa za New York zinaanza saa moja jioni hapa kwetu, zile za saa tisa na nusu zao ni saa nne na nusu usiku, na zile za usiku wao zinakupata saa nane na nusu za Jumapili alfajiri. Wakibadilisha saa zao Jumapili ya kwanza ya Novemba, ongeza lisaa moja. Usitegemee baa ikuwekee, Jumamosi jioni skrini zote ziko Premier League na hakuna mtu atakubali zibadilishwe. Nunua bando utazame nyumbani. Ile ya usiku wa manane lala tu, Jumapili asubuhi fungua ESPN usome orodha ya mchezo baada ya mchezo, ni bure na haili data sana, iko na kila kitu: nani alipiga, mpira ulikuwa yadi ngapi, dakika zilikuwa zimebaki ngapi. Mimi hata nikitazama laivu huwa narudi kuisoma.

Sasa, mechi ya kukabana ni gani? Tachidauni, yaani kuingiza mpira mpaka mwisho wa uwanja wa wale wengine, ni pointi 6, baada yake unaongeza 1 kwa mguu ama 2 ukiingiza mpira tena, so kitu kikubwa zaidi timu inaeza pata kwa awamu moja ni 8. Tofauti ikiwa 8 kushuka chini, timu iliyopoteza ilikuwa bado iko kwa mechi. Halafu kumbuka msimu wao wa kawaida ni mechi 12 pekee, si 38 kama ligi ya Uingereza, kwa hivo bahati haina muda wa kujisawazisha, mipira miwili mitatu ikiruka vibaya mwaka mzima umeharibika. Ndio maana huwezi angalia rekodi peke yake ukasema umeelewa.

Chukua daftari, na msimu mzuri wa kujifunzia ni wa timu ya chuo cha Nebraska 2021, sijaona mwingine kama huo. Walimaliza 3-9, yaani walishinda 3 wakapoteza 9. Ukisikia 3-9 unafikiria ni timu ya kupigwa hovyo, lakini andika hizo 9 walizopoteza moja moja: Illinois 30-22, Oklahoma 23-16, Michigan State 23-20 muda wa ziada, Michigan 32-29, Minnesota 30-23, Purdue 28-23, Ohio State 26-17, Wisconsin 35-28, Iowa 28-21. Hakuna hata moja walipigwa zaidi ya pointi 9! Na ukijumlisha pointi za msimu mzima walifunga 63 zaidi ya walizofungwa. Timu ya 3-9, na tofauti ya pointi ni chanya. Mtu wa kawaida ataona hapo aseme hawa wamerogwa, mwaka ujao watatoka tu.

Usikubali haraka. Kazi ya kwanza ya daftari ni kutenganisha hizo mechi. Nebraska walishinda tatu peke yake, Fordham 52-7, Buffalo 28-3 na Northwestern 56-7, na hizo tatu ndio zilileta pointi 119 za ziada. Zitoe. Unabaki na minus 56 kwa mechi 9, karibu pointi 6 kila mechi. Bado ni kukabana, lakini ile picha ya timu nzuri iliyoonewa na dunia inapungua kidogo. Fanya hivi na timu yoyote, kama tu vile kwa ligi yetu timu inaeza piga moja ya mkiani bao sita halafu goli difference ionekane tamu na hawajashinda derby hata moja.

Kazi ya pili ndio kubwa, na hapa usiwe mvivu. Kwa kila mechi iliyoisha na tofauti ndogo, tafuta ni wapi iligeuka, halafu uandike iligeuka kwa sababu gani. Mimi hugawanya ukurasa mara mbili. Upande mmoja mambo timu haikuwa na uwezo nayo: mpira umeanguka chini ukarukia mikono ya wengine (mpira ukishaanguka ni karibu nusu kwa nusu nani ataokota, hakuna timu inaweza hiyo miaka yote), refa, mchezaji ameumia, mpigaji wa wale wengine ametoa shuti ya mbali sana. Upande wa pili mambo ya timu yenyewe: penalti (faulo) za kijinga, saa kuchezewa vibaya, timu ya mateke (wale huingia wakati wa kupiga ama kupokea mpira wa mguu) kulala, kocha kuchagua mchezo wa ajabu.

Rudi Nebraska uone. Michigan State, Septemba 2021, Nebraska wanaongoza 20-13 na zimebaki dakika kama nne. Difensi yao imecheza mechi ya maisha, nusu ya pili yote Michigan State hawajapata dauni mpya hata moja, yaani hawasongi. Kilichobaki ni kupiga panti tu, ule mpira wa mguu wa kutoa hatari, halafu difensi imalize kazi. Mpango ulikuwa mpira uende kulia. Wachezaji wote wakakimbia kulia kama walivyoambiwa. Mpira ukaenda kushoto. Jayden Reed wa Michigan State akaudaka huko kushoto akiwa peke yake, akatembea nao yadi 62 mpaka ndani, 20-20, na kwa muda wa ziada Nebraska wakanaswa mpira, Michigan State wakapiga fildigoli (teke la kupitisha mpira katikati ya posti, pointi 3), kwisha. Hiyo unaandika upande gani? Mguu kuteleza mara moja ni bahati mbaya, sawa, hata mimi naeza iweka huko.

Lakini fungua Illinois, mechi ya kwanza ya msimu: mpokeaji wa panti anashindwa na mpira karibu na mstari wake mwenyewe, wapinzani wanapata pointi 2 za bure. Fungua Oklahoma: Nebraska wamefunga tachidauni, wanapiga ile pointi moja ya ziada, inazuiwa na inakimbizwa mpaka upande ule mwingine, pointi 2 za Oklahoma. Fungua Iowa, walikuwa mbele 21-6, panti ikazuiwa ikageuzwa tachidauni. Ona sasa. Mechi nne tofauti, miezi tofauti, wapinzani tofauti, na mlango ni ule ule, timu ya mateke. Hiyo si uchawi tena. Kitu kikijirudia upande wa pili wa ukurasa mara tatu, acha kukiita bahati, na hata ile ya mwanzo uliyokuwa umeweka upande wa kwanza unaihamisha.

Michigan nayo iache upande wa bahati, 29-29 na dakika chini ya mbili, kwotabeki (yule wa kurusha mpira) wa Nebraska, Adrian Martinez, anang'ang'ana kusukuma mbele na mpira unanyakuliwa mikononi, Jake Moody wa Michigan anapiga fildigoli ya yadi 39. Inauma lakini inatokea kwa kila mtu.

Kazi ya tatu: toka kwa msimu mmoja uangalie kocha ana miaka mingapi hapo na rekodi yake ya mechi za skoo moja kwa ujumla. Scott Frost, ambaye ni mtoto wa nyumbani huko na alikuwa kwotabeki wao waliposhinda ubingwa wa 1997, alikuwa na Nebraska kuanzia 2018 na kwa mechi za tofauti ya pointi 8 kushuka alishinda 5 akapoteza 22. Rusha shilingi mara 27 uone kama utapata kichwa mara 5 tu. Chuo kilimpa nafasi ingine mwisho wa 2021, wakafukuza wasaidizi wake wanne, wakaleta mtu wa kusimamia timu ya mateke, na wengi waliamini hizo pointi 63. Agosti 2022 wakaenda Dublin kucheza Northwestern, wakaongoza 28-17, kocha akaamuru teke fupi la kushtukiza ambalo hakuna mtu alikuwa analihitaji, Northwestern wakaokota, ikaisha 31-28. Wiki mbili baadaye wakapigwa 45-42 na Georgia Southern na kesho yake akaachishwa kazi. Waliisha 4-8. Kwa daftari yangu hiyo teke ya Dublin iko upande wa pili na nimeipigia mstari.

Sasa geuza. TCU, timu ya chuo kimoja cha Texas, 2022: mwaka uliotangulia walikuwa 5-7, kocha mpya Sonny Dykes, wakaenda 12-0 na mechi nyingi zilikuwa za presha. Ile ya Baylor 29-28 ndio itazame: hawana timeauti (nafasi ya kusimamisha saa) hata moja, saa inakimbia, timu ya kupiga inaingia uwanjani mbio, wanajipanga, Griffin Kell anapiga yadi 40 saa ikiisha. Hiyo walikuwa wanaifanyia mazoezi, kwa hivo andika kama uwezo, wamestahili. Lakini ukihesabu ni mara ngapi walitoka nyuma ungejua hawaezi rudia hivyo mwaka mzima mwingine. Wakapiga Michigan 51-45 kwa nusu fainali, halafu fainali Januari 2023 Georgia wakawapiga 65-7, na msimu wa 2023 wakarudi 5-7. Shabiki aliyeona hiyo mapema hakuumia sana, na hakusema kocha amesahau kazi.

Ukitaka kufanyia mazoezi hapa karibu bila kungoja Agosti, enda raga ya vyuo, Mean Machine, Blak Blad, Strathmore Leos, yeyote anayecheza wikendi hiyo. Hapo tumia pointi 7 badala ya 8, trai ya 5 na konvasheni ya 2, ndio maana ukipoteza kwa 7 kushuka bado unapewa bonasi. Na kwa sababu hakuna mtandao utakuandikia kila mchezo, lazima uandike mwenyewe: dakika ya mpira kupotea, nani alipewa kadi na skoo ilikuwa ngapi, laini-auti gani iliibiwa ndani ya mita 22, penalti ya kupiga posti waliichukua ama waliipeleka kona. Kaa upande wa katikati ya uwanja, si nyuma ya posti, utaona nani anachelewa kurudi kwa laini dakika za mwisho.