Kuichambua 720,720 kuwa zao la namba tasa, kwa kalamu na karatasi

Usikimbilie kugawanya kwa 2. Itazame kwanza: 720 imeandikwa mara mbili. Namba yoyote ya tarakimu sita iliyojirudia hivyo ni zao la tarakimu zake tatu za kwanza na 1,001, kwa sababu 720,000 + 720 = 720 × 1,001. Sasa una namba mbili ndogo badala ya moja kubwa.

Hatua ya 1. 720 ni 72 × 10, yaani 2⁴ × 3² × 5. Hapa hapana shida.

Hatua ya 2. 1,001 ndiyo inayowaangusha wengi. Ni witiri, haigawanyiki kwa 3 wala 5, basi wanaiandika kuwa namba tasa. Kipeuo chake cha pili ni 31 na ushei, kwa hiyo huwezi kuiita tasa kabla ya kujaribu namba tasa zote hadi 31. Wala huhitaji kufika mbali: 1,001 ÷ 7 = 143, na 143 = 11 × 13.

Jibu: 720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Hatua ya 3, idadi ya vigawo. Vipeo ni 4, 2, 1, 1, 1, 1 (kipeo kisichoandikwa ni 1, si 0). Ongeza 1 kwa kila kimoja, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Ile 1 inaongezwa kwa kuwa kigawo kinaweza kukosa 2 kabisa. Machaguo ni 2⁰ hadi 2⁴, matano. Ukiisahau utapata 8, jibu ambalo hata kwa macho halikubaliki. Hakuna namba iliyo chini ya 720,720 yenye vigawo vingi hivyo.

Hatua ya 4, jumla ya vigawo: 31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14 = 3,249,792. Ile 31 ni 1+2+4+8+16. Nyingine zinapatikana vivyo hivyo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ni kweli 720,720 ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya 1 hadi 16? Mimi nilizidisha zote nikapata matrilioni.*
Ni kweli. Ulichopata, 20,922,789,888,000, ni kigawe cha shirika, ila si kidogo. Chukua kipeo kikubwa tu cha kila namba tasa: 2⁴ inatoka kwenye 16, 3² kwenye 9. Ukiishia 15, 2³ inatosha na KDS ni 360,360.

*Na 17?*
Ukigawanya 720,720 kwa 17 inabaki 5. Zidisha kwa 17 upate 12,252,240. Hiyo inabeba na 18 bure, maana 2 na 9 zimo tayari.

*Vigawo witiri ni vingapi?*
Ondoa 2 zote: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48. Shufwa ni 192.

*Nizidishe kwa ngapi ili kipeuo cha pili kitoke kamili?*
Vipeo vyote viwe shufwa. Zilizo pweke ni 5, 7, 11 na 13, hivyo zidisha kwa 5,005. Kipeuo ni 60,060.