Kufufua kipokezi cha valvu na kukirudisha kwenye masafa yake

Mtu akipata redio ya valvu ya mawasiliano iliyokaa stoo miaka mingi, swali lake la kwanza huwa: nizungushe skrubu ipi isikike vizuri? Usizungushe yoyote kwanza. Skrubu za koili na trima (kapasita ndogo za kurekebishia masafa) ziliwekwa kiwandani na mtu mwenye vifaa, na mara nyingi hazijasogea sana tangu siku hiyo. Kilichochakaa ni kapasita za karatasi, rezista na viungio vya swichi. Ukianza na skrubu unaongeza hitilafu mpya juu ya ile ya zamani, kisha hujui tena ipi ni ya redio na ipi ni yako.

Maelezo haya yanahusu vipokezi vya redio za ridhaa vya kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950 hivi, akina Hallicrafters, Hammarlund na National, ambavyo masafa yao ya kati (IF, yaani masafa ya ndani ambayo redio huyageuzia mawimbi yote inayoyapokea) ni 455 kHz au karibu na hapo. Collins 75A-4 na wenzake wenye kichujio cha kimakanika wana utaratibu wao. Fuata kitabu chao. Na kitabu ni lazima hata kwa hizi nyingine. Bila mchoro wa saketi usifungue kitu.

1. Umeme kwanza

Ndani humu mna volti 250 au zaidi za mkondo mnyoofu, na kapasita za kuchuja hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Tafuta rezista ya kilo-omu 10, wati 5, iungie waya zenye ganda zuri, uishikize kati ya upande chanya wa kapasita na upande wake hasi kwa sekunde kadhaa. Halafu pima kwa mita. Usiamini rezista, amini mita.

Angalia pia kama redio ina transfoma ya umeme. Hallicrafters S-38, kwa mfano, haina: chasi yake inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Dalili ni valvu ambazo namba zake huanza na 35 au 50. Redio ya namna hiyo usiiguse mezani bila transfoma ya kutenganisha. Mimi humwambia anayeanza aiache kabisa, atafute yenye transfoma yake.

2. Waya na fyuzi

Toa waya wa zamani, weka wa nyaya tatu, earthi kwenye chasi, fyuzi kwenye waya wa moto. (Hii ni kwa redio zenye transfoma tu, ile isiyo nayo usiipe earthi kwenye chasi.) Kapasita zinazotoka kwenye umeme kwenda chasi zibadilishwe ziwe za usalama za daraja Y, si kapasita yoyote uliyonayo.

3. Washa kupitia balbu

Unga balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 mfululizo na redio. Chomoa valvu ya kurekebisha umeme (inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu), mara nyingi 5Y3 au 5U4, kisha washa. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, transfoma ni nzima. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na kama si kwenye waya za taa au soketi, basi ni transfoma yenyewe, na gharama imebadilika.

Wapo wanaoapa kwa transfoma ya kupandisha volti polepole. Siipendi. Inamfanya mtu aamini kwamba kapasita za miaka sabini zimepona, kumbe zimevumilia tu.

4. Kapasita

Anza na za kuchuja umeme. Za zamani za mikrofaradi 8 na 16 weka 10 na 22, za volti 450, na usizidishe sana kwa kudhani utapunguza mvumo: valvu ya kurekebisha haipendi kapasita kubwa mbele yake. Tazama mchoro kabla ya kuunga upande hasi. Kwenye redio nyingine hauendi chasi, unapita kwanza kwenye rezista inayotengeneza volti hasi za gridi (mguu wa valvu unaoingiza mawimbi). Ukiupeleka chasi moja kwa moja, umeiua hiyo volti.

Za karatasi, zile zenye nta na zile za plastiki nyeusi zenye mistari ya rangi, badili zote. Sipimi, sichagui. Za filamu za volti 630 zinatosha, palipoandikwa mikrofaradi 0.05 weka 0.047, palipoandikwa 0.02 weka 0.022. Za maika na za seramiki ziache. Wapo wanaotoa matumbo ya kapasita ya zamani na kuficha mpya ndani ya ganda lake ili chasi ionekane kama ilivyotoka kiwandani. Kazi nzuri, lakini haiongezi hata sauti ya mbu.

Moja ina haraka kuliko nyingine: ile inayounganisha anodi ya valvu ya kwanza ya sauti na gridi ya valvu ya mwisho. Ikivuja, volti chanya zinaingia gridini, valvu inakunywa mkondo kupita kiasi, sahani yake (ndiyo anodi) inakuwa nyekundu, na transfoma ya spika inaungua. Kwa 6V6, pima mguu wa 5: usomaji uwe sifuri au hasi. Ukiona hata volti moja chanya, zima.

Badili mbili tatu, washa, sikiliza, endelea. Anayebadili ishirini kwa mkupuo na redio ikanyamaza ana viungo arobaini vya kukagua.

Wakati pasi ya kuchomea iko moto, pima rezista. Za kaboni hupanda thamani zikizeeka. Iliyopita asilimia 20 nje.

5. Volti na viungio

Linganisha volti za kila soketi na jedwali la kitabu. Safisha swichi ya bendi kwa dawa ya viungio vya umeme, kidogo kwa kijiti, si kwa kumwaga, na usipake mafuta ya kulainishia vyuma. Valvu usizibadili zote. Nyingi ni nzima. Ila kama unashuku ya oseleta (inayotengeneza mawimbi ya ndani ya redio) au ya kichanganyaji (inayoyachanganya na yanayoingia ili kupata masafa ya kati), ibadili sasa, kwa sababu ukiibadili baada ya kupanga masafa utarudia kazi.

6. Masafa ya kati

Acha redio iwake saa nzima kwanza. Jenereta ya mawimbi (kifaa cha kutoa mawimbi ya majaribio) pia, kama ni ya zamani, na pima masafa yake kwa kihesabu masafa badala ya kuamini namba za usoni pake.

Peleka 455 kHz kwenye gridi ya kichanganyaji kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.01. Mita ya dijitali, yenye ukinzani wa mega-omu 10, iwe kwenye waya wa AVC, yaani ule unaopunguza nguvu za redio wenyewe mawimbi yakizidi. Volti zake ni hasi na huongezeka kadiri koili zinavyokaribia mahali pake. Oseleta ya kusikilizia Morse iwe imezimwa. Punguza jenereta mpaka mita isome volti 1 au 2 tu, na kila zinapopanda ipunguze tena. Mawimbi makubwa huficha kilele.

Tumia bisibisi ya plastiki. Viini vya unga wa chuma vyenye tundu la pembe sita hupasuka kwa ufunguo wa chuma, na kiini kilichopasuka ndani ya koili ni jioni nzima imeliwa. Kikigoma, pasha koili joto kwa hewa ya kukaushia nywele, kisha jaribu taratibu mbele na nyuma.

Kama redio ina kichujio cha kristali, usiweke 455 kamili. Kristali ina masafa yake. Inaweza kuwa 454.6 au 455.8, na ndiyo bwana wa nyumba. Weka kichujio kwenye nafasi nyembamba kabisa, zungusha jenereta polepole mno mpaka mita iruke, na masafa hayo ndiyo utakayotumia kwa koili zote. Kisha zima kichujio na uanze kupanga.

Ukisikia mkwaruzo usioisha hata antena ikitolewa, shuku maika iliyo ndani ya kopo la transfoma ya masafa ya kati. Fedha husambaa juu ya maika na kuvujisha volti za anodi. Kupanga masafa hakutibu hilo. Fungua kopo, uitoe, uweke kapasita nyingine ya thamani ileile.

7. Oseleta

Hapa ndipo watu hulala na redio. Kijana mmoja niliyekuwa nikimwelekeza kwa simu alikuwa amefika hapa vizuri kabisa, kisha kila akiweka sawa ncha ya juu ya bendi, ya chini inakimbia. Akirekebisha ya chini, ya juu inakimbia. Vitabu vingi vinasema tu "rekebisha trima mpaka usikie sauti kubwa". Kweli, lakini kwenye bendi za juu trima hiyo ina sauti kubwa mbili, na moja ni ya uongo.

Chukua jenereta kwenye 28 MHz na mshale wa redio kwenye 28. Redio inataka tofauti ya 455 kHz kati ya oseleta na mawimbi yanayoingia, na haijali nani yuko juu. Oseleta ikiwa 28.455 utasikia. Ikiwa 27.545 utasikia pia. Kwa redio nyingi sahihi ni ya juu, kwa hiyo kati ya vilele viwili chagua kile ambacho trima yake imefunguka zaidi, yaani yenye kapasiti ndogo. Nimesema nyingi, si zote: zipo ambazo kwenye bendi ya juu kabisa oseleta hukaa chini ya mawimbi, na kitabu kitakuambia. Ukikaa upande usio wake, kituo kitaonekana mahali pake pale ulipopangia, lakini koili za mbele (zile zinazopokea mawimbi kutoka antena) na oseleta hazitatembea pamoja kwenye bendi iliyobaki, na utazungusha skrubu mpaka zilegee.

Kuna njia mbili za kujua uko upande upi. Ya kwanza haihitaji kifaa kingine. Acha jenereta kwenye 28 MHz, usiiguse, kisha shusha mshale wa redio hadi karibu na 27.09. Ukisikia tena, kwa sauti hafifu, oseleta iko juu, mambo ni sawa. Kama badala yake unaisikia mshale ukiwa karibu na 28.91, oseleta iko chini. Tofauti ni 910 kHz, mara mbili ya 455, na kama masafa yako ya kati ni mengine, zidisha hayo kwa mbili.

Ya pili ndiyo ninayoitumia siku zote. Chukua redio ya kisasa inayosoma masafa vizuri, hata ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, uiwekee kipande cha waya wenye ganda karibu na valvu ya oseleta, bila kugusa kitu. Itasikia oseleta yenyewe. Mshale ukiwa 28 unatafuta 28.455. Ukiwa 15 unatafuta 15.455. Hakuna kubahatisha, na wala huhitaji jenereta. Usisogeze waya karibu mno tu, maana utaivuta oseleta kutoka mahali pake.

Kabla ya kugusa trima, kagua haya, kwa sababu lolote kati yake litakurudisha mwanzo:

Funga kapasita ya kuzungusha mpaka mwisho. Mshale uwe kwenye alama yake ya mwanzo. Kamba ya mshale huteleza, na hakuna trima inayotibu kamba.

Kisha usukani wa pili, ule wa kutanua bendi. Namba za usukani mkubwa ni za kweli tu huo mdogo ukiwa kwenye alama iliyotajwa kitabuni, mara nyingi mwisho wa mzunguko wake. Yule kijana wake ulikuwa katikati. Alipouweka kwenye alama, nusu ya tatizo iliondoka bila bisibisi.

Na kama kitabu kinasema kifuniko cha chini kiwe kimefungwa, kifunge. Chuma karibu na koili hubadilisha masafa.

Sasa ncha ya chini ya bendi kwa kiini cha koili au kapasita ya mfululizo, ncha ya juu kwa trima. Rudia chini, rudia juu, mpaka hakuna inayosogea, na umalizie juu. Jihadhari na jenereta za zamani: zikiwa kwenye 14 MHz hutoa pia 28, na ukiipandisha sana utapanga redio kwa mawimbi ambayo hukuyakusudia.

8. Koili za mbele

Namna ileile, chini kwa kiini, juu kwa trima, ukifuata kilele cha AVC. Kwenye bendi za juu zungusha usukani kidogo kulia na kushoto huku unarekebisha, kwa kuwa trima ya kichanganyaji huivuta oseleta. Trima ya antena, kama iko usoni, iweke katikati kabla hujaanza.

Hakiki kwa WWV, kituo cha saa cha Marekani kilichoko Fort Collins, Colorado. Kiko 2.5, 5, 10, 15 na 20 MHz, na kipi kati ya hivyo utakisikia inategemea ulipo na saa uliyowasha redio. Mshale ukikosea upana wa mstari mmoja kwenye 15 MHz, uache. Dayali hizi hazikuchapwa kwa usahihi zaidi ya huo, na kuukimbiza mstari huo kwa trima kutakuharibia ncha nyingine ya bendi.