Chora pale uliposimama: picha za utotoni kutoka New Britain

Watu wakiona picha zangu huuliza kwanza, "Hii Zanzibar sehemu gani?" Minazi wanaiona, ngalawa wanaziona, na akina mama wamekaa mchangani midomo myekundu kwa tambuu. Nawaambia si Zanzibar, ni kisiwa cha New Britain, Papua New Guinea, kwenye bahari ya Pasifiki, na wale akina mama ni Watolai. Nilizaliwa Muheza. Mwaka 1989, nikiwa na miaka mitano, baba alipata kazi ya kufundisha kilimo upande wa Keravat, tukahamia huko nyumba nzima. Tulirudi mwisho wa 1994. Lugha imenitoka karibu yote, picha zimebaki, na sasa nazichora kwenye hadibodi uani kwangu Tanga.

Anayetaka kujua nazitoaje kichwani, njia yangu ni hii. Utaitumia hata kama utoto wako ulikuwa Kilosa.

Kwanza, shika kitu kidogo. Mimi nilianza vibaya: nilitaka kuchora "utamaduni wa Melanesia" (visiwa vya upande ule) wote kwenye ubao mmoja, ngoma, vinyago, volkano, mtumbwi na kasuku juu yake. Ikatoka kama kalenda ya duka la jumla. Siku hizi naanza na kitu kinachoenea kiganjani.

Mfano ni tabu. Jirani yetu alikuwa bibi wa Kitolai, watoto wote tukimwita Bubu, ndivyo bibi na babu wanavyoitwa kule. Mama aliposikia alidhani tunamtukana, maana bubu kwetu ni asiyesema, na yule bibi hakunyamaza hata akiwa anatafuna. Jioni alikaa kwenye ngazi za nyumba yake na beseni la magamba ya konokono wadogo wa baharini, kila moja kama punje ya hindi. Alitoboa mgongo wa gamba, akalitunga kwenye uzi wa henzerani, akachukua jingine. Hiyo ndiyo tabu, fedha ya Watolai. Wananunulia vitu sokoni, wanatolea mahari, na mwenye mali akifa, mizingo yake mikubwa kama magurudumu hukatwa na kugawiwa waliohudhuria msiba. Hupimwa kwa mikono miwili iliyonyooshwa, kama pima yetu. Baba alikuwa akisema kwetu tabu ni shida, kwa hawa asiye na tabu ndiye mwenye shida.

Kazi yangu pale ilikuwa kushika ncha ya uzi isiteleze. Basi. Lakini ndiyo picha niliyoirudia mara nyingi kuliko zote.

Ukishapata kitu chako, usiguse penseli kwanza. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika ulichokiona, ulichokinusa, ulichokigusa. Upande wa pili andika uliyosimuliwa au uliyoyaona baadaye kwenye vitabu na simu. Kuwa mkali, maana kumbukumbu ni mwizi mwenye adabu: inachukua cha mwenzio na kukipanga vizuri kwenye kabati lako. Miaka yote niliamini nimeiona ngoma ya moto ya Wabaining, watu wa milimani kule kwetu, wanaocheza usiku na vinyago vikubwa vya nguo ya magome, macho ya duara kama ya bundi, wakikanyaga moto kwa miguu mitupu. Ningeapa. Siku moja nikamwambia kaka yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe hukupelekwa. Ulikuwa na malaria. Ulichoona ni ile postikadi ya jikoni."

Kweli, ilikuwapo postikadi, imepigwa msumari juu ya jiko la mafuta ya taa, pembe moja imeungua. Basi nikaacha ngoma, nikachora postikadi: ukuta wenye masizi, jiko la utambi, na kile kinyago kidogo kinachotazama sufuria ya viazi vitamu. Ndiyo picha ya kwanza kuuzwa.

Halafu rudi kwenye kimo chako cha utotoni, kwa mwili, si kwa mawazo. Mimi nakalia mbuzi ya nazi, nayo inanishusha hadi jicho langu lilipokuwa nikiwa na miaka saba. Pale chini dunia ni magoti, mikono, upande wa chini wa meza, pindo la nguo. Chora rasimu tano au sita kwa mkaa kwenye karatasi za kufungia, kila moja dakika chache, ukiwa umekaa hivyo hivyo. Katika picha ya Bubu, mzingo wa tabu magotini pake umechukua nusu ya ubao na zaidi. Uso wake umekatwa na ukingo wa juu, kinabaki kidevu na mdomo mwekundu. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini nimemkata kichwa. Sikumkata. Nilikuwa nimekaa chini yake.

Sasa umbali, na hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo nilipoharibu.

Watolai wana tubuan, kinyago cha chama chao cha siri cha wanaume. Kwa macho ni umbo lenye kichwa cha pia iliyochongoka, na mwili wa majani yaliyopangwa safu juu ya safu, duara kama mzinga mkubwa, na miguu ya mtu chini yake. Tubuan huhesabiwa ni mwanamke, mama. Wanawe ni dukduk, nao vichwa vyao ni virefu na havina macho. Mambo yao ya ndani yako mahali panapoitwa taraiu, na mwanamke hafiki huko, wala mtoto asiyeingizwa. Mimi nilikuwa vyote viwili, mtoto na wa kike. Lakini kuna kinavai, alfajiri wanapowasili kwa mitumbwi, ngoma zinapigwa, na ufukweni watu wanatazama. Hiyo niliiona. Nilisimama nyuma kabisa, chini ya mshelisheli, katikati ya migongo ya wanawake, nimeshika nguo ya Bubu. Bahari ilikuwa ya kijivu. Vikatokea vitu vyeusi vyenye ncha vinayumba juu ya maji, na wanawake wote wakanyamaza, Bubu naye.

Mara ya kwanza nilipoichora nilijiona sina cha kutosha. Nikatafuta picha za makumbusho, nikanakili macho ya tubuan, yale ya duara ndani ya duara, nikajaza ubao mzima. Ilipendeza. Nikaituma kwa mtu wa kule, Mtolai ambaye kaka alisoma naye. Alijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: kila tubuan ana mwenyewe, haki yake hurithiwa au hulipiwa kwa tabu, je, hii nimepewa na nani? Mambo ni hayo pia kwa jirani zao wa New Ireland na sanamu zao za malagan za kumalizia msiba: muundo wenyewe una mwenyewe, na haki ya kuuchonga hununuliwa.

Nilipaka rangi nyeusi ubao wote. Kisha nikajiuliza swali ambalo sasa namwuliza kila anayekuja kujifunza: ulisimama wapi? Toka pale niliposimama sikuona jicho lolote. Niliona ncha tatu, kila moja ndogo kuliko ukucha, na migongo mingi. Nikachora migongo. Nguo za maua, kitovu cha mtoto aliyebebwa, vumbi la chokaa kwenye vidole vya mtu, na juu kabisa ncha tatu ndani ya ukungu. Usichokiona usikichore, na usikizibe kwa cha kuazima. Ukiache giza, kiwe na giza lake.

Kama unaogopa nafasi tupu, tafuta kazi za Timothy Akis, mtu wa Simbai kwenye milima ya Papua New Guinea, ambaye michoro yake ilionyeshwa Port Moresby mwaka 1969. Watu na wanyama wa kwao aliwachora kwa wino, miili imejazwa mistari na vitone, na nyuma yao hakuna mbingu wala ardhi. Karatasi nyeupe tu, wala huoni kimepungua kitu.

Vifaa havinichukui maneno mengi. Hadibodi, upande laini, uupitishe msasa mwepesi, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani, kila mmoja ukauke siku nzima. Rangi za mafuta zinazotumiwa na wenzetu wa Tingatinga nazipenda kwa kazi yao, ila kwangu zinang'aa mno. Alfajiri haing'ai hivyo. Natumia akriliki, na rangi mbili nazitengeneza mwenyewe.

Nyeusi ni masizi ya kibatari, yaliyokusanywa chini ya bati. Ukiyatia majini yataelea kama mafuta na utatukana. Yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti hadi yawe uji mzito, mbali na moto, ndipo utie gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, gundi moja kwa maji mawili. Nyekundu ni udongo wa Lushoto: ukoroge kwenye ndoo, uache mchanga uzame kwa dakika moja, mimina maji mekundu kwenye chombo kingine kupitia kipande cha kanga, yaache yatuame hadi kesho, mwaga maji, anika. Kinachobaki ni laini kama poda. Saga tena huku umefunga pua, changanya na gundi ileile. Nyeupe nunua. Nilijaribu chokaa, kwa kuwa ile ya kule ya matumbawe yaliyochomwa ndiyo wanayolia popoo, nikadhani itaingia uhai kwenye picha. Ikapukutika yote baada ya miezi miwili.

Jivu nalo lina namna yake. Tarehe 19 Septemba 1994, Tavurvur na Vulcan, volkano mbili za mji wa Rabaul, zililipuka asubuhi moja. Mji ukafunikwa. Kwetu yalifika malori ya watu, baadhi yao vichwa vya kijivu, watoto wakiwa wazee ghafla. Ukitaka kijivu cha namna hiyo usikipake tangu mwanzo. Chora watu kwa rangi zao zote, nguo nyekundu iwe nyekundu kweli, uache siku mbili. Kisha changanya nyeupe na masizi kidogo, zimua iwe kama maziwa, paka juu ya kila kitu, na kabla haijakauka pangusa kwa kitambaa kibichi pale unapotaka rangi ichungulie. Mimi napangusa macho na midomo, kwa sababu ndivyo walivyokuwa: walijipangusa macho na midomo.

Vanishi isiyong'aa, mkono mmoja, baada ya wiki. Nyuma ya ubao naandika kwa penseli mahali, mwaka, umri wangu na niliposimama. Ule wa Bubu umeandikwa: Keravat, 1991, miaka saba, ngazi ya pili kutoka chini, nimeshika ncha ya uzi.