Jinsi ya Kushiriki Marathoni ya Uandishi ya Kuchangia Madarasa ya Jamii

Katika marathoni ya uandishi ya hisani, mshiriki huahidi kuandika kwa muda maalumu, na jamaa na marafiki huahidi fedha kulingana na kazi atakayoifanya. Shirika la NY Writers Coalition la New York, lililoanzishwa mwaka 2002, huchangisha kwa njia hiyo fedha za madarasa yake ya bure ya uandishi. Mimi nimeshiriki mara nne hapa Mombasa, kwa ajili ya darasa la vijana linalokutana kila Jumamosi, na ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyatenda.

Hatua ya kwanza ni kuwauliza waandaaji fedha zitanunua nini hasa. Usiridhike na jibu la "kuinua vipaji". Taka kujua bei ya daftari, nauli ya mwalimu na gharama ya kuchapa kijitabu cha kazi za wanafunzi, kwa sababu haya ndiyo utakayoulizwa na kila utakayemwomba mchango.

Hatua ya pili ni kuweka lengo linalohesabika. Wengi hunakili lengo la NaNoWriMo, changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja iliyoanza mwaka 1999 huko California, na ambayo shirika lake lilifungwa mwaka 2025. Lengo hilo lilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30, yaani takriban maneno 1,667 kila siku. Kwa anayeandika Kiswahili, kipimo hicho ni kizito kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa neno letu moja hubeba nafsi, wakati, mtendwa na ukanushi kwa pamoja: "hatutawasahau" ni neno moja, ilhali Kiingereza hulieleza kwa maneno matano. Ninapendekeza maneno 1,000 kwa siku, au saa moja na nusu kwa anayetunga mashairi, ambaye hapaswi kamwe kupimwa kwa wingi wa maneno.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni kuomba. Anza wiki tatu kabla ya siku ya kwanza ya kuandika, na umwendee kila mtu peke yake, kwa simu au ana kwa ana. Mwaka wa kwanza niliweka tangazo katika kundi la WhatsApp la ukoo. Watu zaidi ya ishirini walinipongeza, wakachanga watatu tu. Mwaka uliofuata nilimpigia simu kila mmoja wa watu hao hao, nikianza na shangazi yangu, nikamwambia: "Shikamoo shangazi, naomba unidhamini shilingi 50 kwa kila maneno 1,000, na nikifika 30,000 itakuwa shilingi 1,500, haitazidi hapo." Kutaja kikomo ni heshima kwa mtoaji, maana anajua tangu mwanzo mzigo anaoubeba, na asiyependa hesabu anaweza kutoa kiasi kimoja mara moja. Andika kila ahadi katika daftari, pamoja na tarehe ya kulipa. Kuhusu fedha zenyewe, zielekezwe moja kwa moja kwenye Paybill ya waandaaji, yaani namba yao ya kupokelea malipo kwa simu, jina lako likiandikwa kama namba ya akaunti. Usizipokee katika simu yako hata kama mchangiaji ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa fedha za watoto wa watu hazipaswi kuchanganyika na za nyumbani kwako.

Kuandika kwenyewe hakuhitaji maelezo mengi. Chagua saa moja isiyobadilika. Mimi huandika baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Usisahihishe wala usifute mpaka marathoni iishe. Ukikosa siku moja, gawanya deni lake katika siku tano zinazofuata badala ya kujaribu kulilipa lote kesho yake.

Kila Ijumaa, watumie wachangiaji idadi uliyoifikia, bila kuipandisha, hata wiki iliyokwenda vibaya. Siku ya mwisho ikipita, ndani ya siku tatu mkumbushe kila mmoja kiasi alichoahidi, kabla hajashikwa na ada za shule na kodi ya nyumba. Fedha zikishaingia, waombe waandaaji ukurasa mmoja ulioandikwa na mwanafunzi wa darasa hilo, kwa ridhaa ya mwanafunzi na mzazi wake, uupeleke kwa kila aliyechanga. Shangazi yangu ameubandika wa kwake ukutani sebuleni.