Jinsi ya kulinasa wimbi la anga likipita Mwanza, kwa Excel tu

Dagaa zikilowa vichanjani pale Kirumba, tunalilaumu ziwa. Si uongo: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, hewa hupanda, radi zikaanza. Lakini ziwa hufanya hivyo karibu kila usiku. Mbona wiki hii mvua inamwagika, ijayo nyota tupu? Tafuta wimbi: mkanda mpana wa mawingu ya mvua unaosafiri angani kando ya ikweta.

1. Pakua data za kila siku za NOAA, shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari (ni bure), za mionzi ya joto inayotoka duniani kwenda angani. Namba ndogo ni mawingu marefu, vilele vyake baridi. Gridi, yaani nafasi kati ya nukta za vipimo, ni ya digrii 2.5, Mwanza iko jirani kabisa na nukta ya 2.5 kusini, 32.5 mashariki.

2. Chukua siku 90, longitudo 0 hadi 100 mashariki. Kwa kila longitudo, piga wastani kati ya latitudo 5 kusini na 5 kaskazini.

3. Katika kila namba, punguza wastani wa miaka mingi wa tarehe hiyohiyo. Usiruke! Mimi niliruka, nikapata mstari mnene ulionyooka juu ya Kongo, nikashangilia. Kumbe ni Kongo tu, mawingu ndiyo desturi yake.

4. Longitudo zilale, siku zishuke. Chini ya wastani paka buluu, juu yake kahawia. Huu ndio mchoro wa Hovmöller, wa tangu 1949.

5. Sasa rula, maana utamu wote uko kwenye mshazari. Buluu ikishuka wima, jambo halikuhama. Ikishuka kuelekea kulia, inakwenda mashariki: digrii 10 ni kama kilomita 1,110. Ikizimaliza kwa siku mbili na nusu, ni mita 5 kwa sekunde, yaani MJO (Madden-Julian Oscillation), wimbi kubwa la mvua la polepole, waliyoieleza wanasayansi Madden na Julian mwaka 1971, inayorudi kila siku 30 hadi 60. Ikitumia chini ya siku moja, ni wimbi la Kelvin, liendalo mashariki kwa kasi zaidi. Likiwa Libreville, Gabon, leo, keshokutwa liko kwetu. Ikiinamia kushoto, shuku wimbi la Rossby, liendalo magharibi.

6. Linganisha na upepo wa kimo cha kilomita 3. Kitovu cha mvua cha MJO kikiwa Bahari ya Hindi, upepo wa magharibi hupata nguvu na kutuletea unyevu wa Kongo, na radi zilezile za ziwa hushiba.

Kisha shuka mwaloni na orodha yako ya siku za buluu, uwaulize wavuvi ni usiku upi walizima taa mapema.