Mambo ya kuzingatia kabla ya safari ya gharama nafuu kwenda London

London ni mji ghali, lakini ughali wake haukuenea sawasawa. Kitanda cha kulala usiku mmoja kinaweza kumaliza fedha ambazo zingemtosha msafiri kwa chakula cha siku tatu, ilhali makumbusho yenye hazina kubwa kuliko nyingi duniani yako wazi bila kiingilio. Gharama zinazoumiza kweli, yaani viza, tiketi ya ndege na malazi, huamuliwa wakati msafiri angali nyumbani Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, na akikosea hapo hawezi kufidia kosa hilo kwa kujinyima akiwa huko.

Viza ndiyo ianze, na isitanguliwe na malipo yoyote yasiyorudishwa. Raia wa Tanzania na wa Kenya wanahitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi miezi sita. Ada yake ilipandishwa hadi pauni 127 mwezi Aprili 2025, na kwa kuwa hupanda mara kwa mara, kiasi cha sasa kitazamwe katika tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe, si kwa wakala. Ada hiyo hairudishwi hata viza ikikataliwa. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kusafiri, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu mwombaji alipotoa alama za vidole, hivyo mwenye kuomba wiki nane au tisa kabla anakuwa na nafasi ya kutosha ya kutafuta tiketi baadaye.

Kinachowaangusha wengi ni taarifa ya benki. Fedha nyingi zilizoingizwa kwa mkupuo siku chache kabla ya maombi, bila maelezo ya zilikotoka, hutia shaka zaidi kuliko akaunti ya wastani yenye mapato yanayoeleweka mwezi hadi mwezi. Kwa sababu hiyo maandalizi ya akaunti yanapaswa kuanza nusu mwaka kabla. Jambo jingine, ambalo kwa Watanzania hasa ni zito, ni lugha ya nyaraka: barua ya serikali ya mtaa, hati ya kiwanja au cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa, na tafsiri hiyo ina gharama na muda wake. Msafiri wa wiki mbili hatakiwi kupima kifua kikuu kwa ajili ya viza, kwani kipimo hicho ni cha wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita, asikubali kukilipia.

Katika kuchagua ndege, bei ya tiketi isitazamwe peke yake. Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja, lakini kutoka Dar es Salaam msafiri hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au kwingineko, na mara nyingi unafuu hupatikana kwa kukubali kusubiri saa kadhaa njiani. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo achunguze kwanza masharti ya kupitia Ulaya, kwa sababu anaweza kutakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani hata kama hatatoka nje ya uwanja. Kuhusu msimu, Julai, Agosti na siku za Krismasi ndizo ghali zaidi. Januari na Februari bei hushuka, ila jua la majira hayo huzama mapema, na mwezi Desemba linatua karibu saa kumi jioni. Mwenye kununua tiketi ya bei nafuu ya baridi ajue kwamba atalipia koti, viatu visivyopitisha maji, na mchana mfupi. Kwa maoni yangu, mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei ndio wakati unaomfaa zaidi mtu wa kwetu.

Malazi yanahitaji kufikiriwa kwa utulivu. Wengi wetu tuna ndugu huko na tunahesabu kwamba tutafikia kwao. Ni jambo jema, na barua ya mwenyeji pamoja na uthibitisho wa anwani yake husaidia katika viza, lakini ni wajibu wa mgeni kuuliza mapema na kwa uwazi: je, mkataba wa nyumba unaruhusu mgeni kulala, mwenyeji anafanya kazi zamu gani, na chumba ni kimoja au viwili? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na London jembe hilo ni kuchangia chakula na umeme bila kusubiri kuombwa. Asiye na mwenyeji atazame hosteli, au mabweni ya vyuo vikuu ambayo hupangishwa kwa wageni wakati wa likizo ya kiangazi, yenye vyumba vya mtu mmoja kwa bei iliyo chini ya hoteli nyingi za katikati. Chumba cha mbali kinachoonekana rahisi kijumlishwe na nauli ya kila siku kabla ya kulipiwa; kanda ya nauli ya pili au ya tatu kutoka katikati ya mji, karibu na kituo cha treni, mara nyingi ndiyo yenye hesabu nzuri.

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Nauli hulipwa kwa kadi ya usafiri iitwayo Oyster au kwa kugusisha kadi ya benki, na mfumo huweka kikomo cha makato kwa siku, ili mradi utumie kadi ileile kila safari. Anayegusisha kadi asubuhi na simu jioni huhesabiwa kama watu wawili. Kabla ya kuondoka, iulize benki yako kama kadi inafanya kazi nje ya nchi na inakata kiasi gani kwa kila muamala. Nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, na ndani ya saa moja unaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Treni ya chini ya ardhi ni ghali zaidi, na ramani yake hupotosha umbali: kati ya vituo vya Leicester Square na Covent Garden umbali haufiki hata mita 300. Hapo ni kutembea.

Orodha ya mambo ya kutazama nayo iandaliwe nyumbani, ikitanguliza yasiyo na kiingilio. British Museum, National Gallery, Tate Modern na Natural History Museum haviwatozi watazamaji wa mikusanyo yao ya kudumu. Katika British Museum kuna jiwe la kukatia kutoka Olduvai, kimoja cha vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa na binadamu vilivyohifadhiwa humo, na Mtanzania hahitaji hata senti moja kulitazama. Ngome ya kale ya Tower of London, kinyume chake, inadai zaidi ya pauni 30 kwa mtu mzima, kwa hiyo chagua sehemu moja au mbili za kulipia na uzikatie tiketi mapema.

Chakula kina njia rahisi: supamaketi, jiko la mwenyeji au la hosteli, na maji ya bomba, ambayo ni salama kunywa. Mgahawani, soma risiti, kwani asilimia 12.5 ya huduma huongezwa mara nyingi na unaweza kuomba iondolewe. Nyama na maziwa kutoka nyumbani usibebe, maana vitachukuliwa mpakani.

Bima ya safari isiachwe ili kuokoa fedha. Matibabu katika idara ya dharura hayatozwi, lakini mgeni akilazwa hudaiwa asilimia 150 ya gharama, na deni la namna hiyo huweza kuzuia viza ya baadaye.

Mwisho, weka katika mkoba wa mkononi, si katika begi kubwa, nakala za karatasi za tiketi ya kurudi, bima, barua ya mwenyeji na anwani kamili, kwa kuwa ofisa wa uhamiaji anaweza kuziuliza wakati simu yako haina chaji wala mtandao. Andika pia njia ya kutoka uwanjani: kutoka Heathrow, treni ya Piccadilly huchukua karibu saa nzima hadi katikati ya mji kwa nauli iliyo sehemu ndogo tu ya ile ya treni ya haraka ya Heathrow Express.