Panga barua pepe zako kwa giza la mwezi: mauzo ya dagaa kutoka Kigoma

Nauza dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika. Nawachukua mwaloni Kibirizi na kuwapeleka Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro, na oda zangu kubwa huja kwa barua pepe. Wenzangu sokoni huniuliza kwa nini nahangaika na barua pepe wakati kila mtu yuko WhatsApp. WhatsApp nami naitumia kila siku. Ila msimamizi wa kantini, mhasibu wa hoteli na mnunuzi wa shule ya bweni wanataka karatasi: profoma, yaani ankara ya awali, bei iliyoandikwa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mkubwa wao akiuliza, wanamfungulia barua anaiona. Ukiwapata watu watano wa namna hiyo, biashara yako ndogo inapumua.

Kitu cha kwanza cha kupanga ni mzigo. Barua nzuri isiyo na dagaa nyuma yake inakuharibia jina, na mteja wa ofisini akidanganywa mara moja harudi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikijaa mwanga unatawanyika ziwani kote, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa na kushona nyavu. Basi kalenda ya barua zako ni mwezi wa angani. Hapa Kigoma Ujiji si kazi kuufuata, kwa sababu kalenda nyingi za ukutani zina tarehe za Kiislamu: mwezi 14 na 15, yaani siku ya 14 na 15 ya mwezi wa Kiislamu, ndio mpevu.

Mimi hupanga barua tatu kwa kila giza, yaani kila kipindi cha usiku usio na mbalamwezi. Ya kwanza naituma kama mwezi 18, mitumbwi inapojiandaa kurudi majini; hiyo ni ya kupokea oda za mapema kwa taasisi tu. Ya pili inatoka dagaa wakishakauka na nimewashika kwa mkono wangu, kwa kawaida mwezi 23 au 24; hiyo inakwenda kwa wote. Ya tatu ni kwa walionunua tu, siku mbili baada ya kupokea mzigo, kuuliza umefikaje na kuwakumbusha wauhifadhi pakavu, kwenye chombo chenye mfuniko. Hiyo ya tatu haiuzi chochote, na bado ndiyo inayoleta oda ya pili. Usiiache.

Sasa liweke giza juu ya mshahara. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza husogea nyuma taratibu ukilinganisha na kalenda ya ofisi. Kuna miezi giza linaangukia wiki ya mwisho, mishahara inapoingia. Hapo andikia familia, chukua kilo nyingi zaidi, usiogope. Kuna miezi giza linaangukia katikati, watu wamebaki na nauli tu. Hapo barua ya pili waelekezee zaidi kantini na shule, ambazo bajeti yao haitegemei tarehe ya mshahara, halafu weka akiba ya kilo za kutangaza kwa familia mwisho wa mwezi. Dagaa waliokauka barabara wanasubiri. Wakati wa masika punguza ahadi, maana jua la kuanikia halina uhakika, na dagaa walionyeshewa mvua chanjani, kwenye kitanda cha kuanikia kilichoinuliwa juu ya mchanga, hubadilika rangi na harufu.

Orodha ya anwani ijenge mwenyewe, mtu kwa mtu. Anayenunua muulize: naomba nikuandikie mzigo mpya ukiingia, unaridhia? Akikubali, andika tarehe aliyokubali. Usinunue orodha ya anwani kwa mtu yeyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Anwani na namba za wateja ni taarifa zao, zimekaa kwako kwa ridhaa yao. Kwenye jedwali langu kila mteja ana jina, mji, ni familia au taasisi, kilo alizochukua mara ya mwisho, na kama anapenda waliokatwa vichwa. Safu hiyo ya kilo ina thamani kuliko nyingine zote, utaona sababu kwenye barua yenyewe.

Barua ya pili naiandika hivi. Kichwa chake: Dagaa wa giza hili wamekauka, basi linaondoka Alhamisi.

"Habari za kazi, dada. Dagaa wapya wameanikwa kwenye chanja, hawana mchanga, wamekauka vizuri. Nina kilo 80. Mara ya mwisho ulichukua kilo 10 za kantini; nikuwekee kiasi hicho hicho? Nijibu kwa kuandika idadi ya kilo kabla ya Jumatano saa 10 jioni. Mzigo unapanda basi stendi ya Masanga Alhamisi alfajiri, utaupokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Bei na namba ya malipo zimo kwenye profoma niliyoambatisha."

Ndiyo yote. Inauliza swali moja, na swali lenyewe linajibika kwa namba. Kuna kikomo cha kweli kwa sababu basi halimsubiri mtu. Kuna neno chanja, ambalo mnunuzi aliyewahi kutafuna mchanga analielewa bila maelezo. Kichwa cha barua kiseme kilichomo ndani; maneno kama OFA OFA OFA kwa herufi kubwa huweza kupeleka barua kwenye kapu la taka. Na salamu iwe ya mtu anayemfahamu mtu. Kwa mama mtu mzima naanza na shikamoo hata kwenye barua pepe. Sioni kwa nini adabu ibaki nje ya biashara.

Kuhusu kutuma, Gmail ya kawaida inatosha kuanzia, nayo inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Barua ya wengi weka anwani zote kwenye Bcc, wateja wasionane. Barua kama hiyo hapo juu, yenye kilo za mtu, tuma moja moja. Kwa wateja 40 ni kazi ya jioni moja na inalipa. Orodha ikikua, hamia programu ya kutuma barua kama Mailchimp au Brevo, ambayo hujaza jina na kilo za kila mtu yenyewe na kuweka kiungo cha kujiondoa. Kabla ya hapo, malizia kila barua kwa sentensi moja: ukitaka nisikuandikie tena, nijibu "basi". Akijibu, mtoe siku hiyo hiyo. Picha iwe moja, uipunguze ukubwa, mtu asimalize bando akitazama dagaa.

Usipime kazi kwa idadi ya waliofungua barua. Tangu 2021 programu ya barua kwenye simu za Apple inaweza kupakua picha kabla mwenye simu hajasoma, kwa hiyo hesabu hiyo inadanganya. Pima kilo. Tuseme barua 100 zimeleta oda 6 za jumla ya kilo 45, na faida yako baada ya kulipia mzigo ni shilingi 5,000 kwa kilo: umepata 225,000. Iandike kando ya giza hilo, pamoja na kichwa cha barua ulichotumia. Ukiwa na magiza manne au matano kwenye daftari utajua kipi kinauza kwako.

Liko jambo la kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ikitangazwa hivyo, waandikie wateja mapema, mwezi mzima kabla: tarehe za kufunga, kilo ulizonazo ghalani, na nani anataka kuwekewa. Katikati ya kipindi tuma barua moja tu, ya mawese kama unayauza, au ya kuwaambia lini utaanza kupokea oda. Na tarehe hiyo usiikate kwa kalenda ya serikali peke yake. Mwaka ule ziwa lilifunguliwa mbalamwezi ikikaribia kujaa, mwezi mpevu ulikuwa 19 Agosti. Aliyeahidi mzigo wa wiki hiyo ilibidi aombe radhi. Aliyetazama mwezi aliandika: dagaa wapya mwishoni mwa Agosti, anayejibu kwanza anawekewa kwanza.